Nani kaileta kaswende nyumbani?

Mjamzito anakwenda kliniki kwa mara ya kwanza. Anachomwa kidole, tone la damu linadondoshwa kwenye kipimo, na haupiti muda anaambiwa ana kaswende. Anarudi nyumbani na karatasi yake. Mume akishaisoma haulizi huu ni ugonjwa gani, wala dawa yake ni ipi, wala kama mtoto yu salama. Anauliza: umeitoa wapi?

Swali hilo lina sura ya haki. Kaswende haidondoki mtini. Lazima mtu kaipata kwa mtu. Lakini ukilifuata kwa makini utaona kwamba mara nyingi, kitabibu, halijibiki. Utaona pia kwamba si swali jipya. Liliulizwa huko Naples, mji wa Italia, mwaka 1495, na tangu hapo wafalme, mabunge na madaktari wamelijibu kwa namna ileile: wanamtaja yule aliyemulikwa taa.

Jina lenye hukumu ndani yake

Kaswende ni ugonjwa unaoletwa na bakteria mwembamba aliyejisokota kama waya wa springi. Huenea hasa kwa kujamiiana, na mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Ndivyo ulivyo, basi. Lakini sikiliza tunavyouita. Wazee wengine husema sekeneko. Kamusi za zamani zinaongeza neno tego, ambalo papo hapo lina maana ya uganga wa kumnasa mzinzi: neno moja limebeba ugonjwa na mtego kwa pamoja, kana kwamba mtu haugui, ananaswa.

Hata jina la jumla, magonjwa ya zinaa, si jina la kitabibu. Zinaa ni kujamiiana nje ya ndoa. Kwa hiyo mke aliyeambukizwa na mumewe wa halali, na mtoto aliyeambukizwa kabla hajazaliwa, wote tunawaandika kwenye daftari la zinaa. Kipindupindu huenea kwa uchafu, lakini hakuna anayekiita ugonjwa wa wasionawa mikono. Wahudumu wengi wa afya siku hizi hupendelea kusema magonjwa ya ngono, au maambukizi yanayoenezwa kwa kujamiiana. Ni marefu kidogo kutamka, lakini angalau hayatoi hukumu kabla ya kesi.

Moto wa makumbi

Kuelewa kwa nini swali la mume halijibiki, inabidi kujua tabia ya ugonjwa wenyewe. Kaswende ni moto wa makumbi. Juu kumepoa, pengine hata moshi hauonekani, lakini chini kunawaka.

Kwanza hutokea kidonda pale bakteria alipoingilia, kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, ingawa kinaweza kuchukua siku 10 au hata 90. Kidonda hicho hakiumi. Kikiwa kwenye uume huenda mtu akakiona. Kikiwa ndani ya uke, mdomoni au kwenye njia ya haja kubwa, kinaweza kuja na kuondoka mwenyewe asijue. Maana kinaondoka. Baada ya wiki chache kinapona chenyewe, dawa au bila dawa.

Hapo nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili limewadanganya watu wengi kuliko uongo wowote. Ukinywa mzizi wiki ile kidonda kinapopona, mzizi umekuponya. Ukipaka mafuta, ni mafuta. Ukiombewa, ni maombi. Chochote ulichofanya kitapewa sifa, na bakteria wakati huo yumo kwenye damu anaendelea na safari.

Wiki au miezi kadhaa baadaye huja hatua ya pili: vipele, mara nyingi hadi viganjani na nyayoni, pengine homa, tezi kuvimba, au nywele kunyofoka mabaka mabaka. Vipele hivyo kwa kawaida haviwashi, na ni rahisi kuvidhania kitu kingine. Navyo vinaondoka vyenyewe. Halafu kimya. Kimya hicho kinaweza kudumu miaka, hata makumi ya miaka. Mtu ana afya, anafanya kazi, anaoa au anaolewa. Takriban theluthi moja ya wasiotibiwa ndio ambao baadaye ugonjwa huwalipukia kwenye moyo, mishipa mikubwa ya damu, mifupa au ubongo. Macho na masikio yanaweza kuathirika mapema zaidi, hata katika hatua za mwanzo.

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya kliniki. Kipimo kinasema kaswende ipo au iliwahi kuwapo. Hakisemi tangu lini, wala kutoka kwa nani. Inawezekana mke aliipata miaka mitatu kabla ya kukutana na mumewe. Inawezekana mume ndiye aliyeipata zamani, kidonda kikapona, akasahau. Inawezekana mmoja wao ametoka nje ya ndoa mwezi uliopita. Karatasi ni ileile. Kilicho hakika ni kwamba mke ndiye aliyepimwa, na alipimwa kwa sababu wajawazito hupimwa. Mume hakupimwa kwa sababu wanaume hawabebi mimba. Basi aliyemulikwa ndiye aliyeonekana.

Ugonjwa wa jirani

Septemba 1494 Mfalme Charles VIII wa Ufaransa aliingia Italia na jeshi kubwa lenye askari wa kukodiwa kutoka nchi mbalimbali, na Februari 1495 akaitwaa Naples. Ndipo Ulaya ilipoanza kuandika juu ya ugonjwa mpya wa kutisha: majipu mwili mzima, maumivu ya mifupa usiku, watu kuoza nyuso wakiwa hai. Ulikuwa mkali kuliko kaswende tunayoijua leo. Jeshi lilipotawanyika, kila askari alirudi kwao, nao ugonjwa ukarudi naye.

Waitaliano wakauita ugonjwa wa Wafaransa. Wafaransa wakauita ugonjwa wa Naples. Waingereza na Wajerumani waliona Waitaliano wana hoja. Warusi wakasema ni wa Wapolandi, Wapolandi wakasema ni wa Wajerumani. Ulipofika India na Uajemi ulipewa jina la Wafaranga, yaani Wazungu, na kwa kweli hao hawakukosea, maana ulifika kwa merikebu zao. Wajapani waliuhusisha na China. Watu wa Tahiti waliwataja Waingereza. Nyani haoni kundule, na hapa tuna bara zima la nyani, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole.

Jina la kimataifa, sifilisi, lina kisa chake. Mwaka 1530 Girolamo Fracastoro, daktari wa Verona aliyekuwa pia mshairi, alichapisha utenzi wa Kilatini kuhusu mchungaji aitwaye Syphilus aliyemtukana mungu jua, naye akaadhibiwa kwa kupigwa na ugonjwa huo. Neno ambalo madaktari wa dunia nzima wanalitumia leo kwa sauti ya kisayansi limetoka kwenye hadithi ya adhabu. Si sisi peke yetu wenye tego.

Je, ulitoka wapi hasa? Christopher Columbus alirudi kutoka Amerika mwaka 1493, miaka miwili tu kabla ya Naples, na wengi wamewanyooshea kidole mabaharia wake. Wengine walishikilia kwamba ugonjwa ulikuwapo Ulaya tangu kale bila kutambuliwa. Uchunguzi wa vinasaba kutoka mifupa ya kale ya Amerika, uliochapishwa mwishoni mwa 2024, umeipa nguvu hoja ya Amerika. Sidhani ubishi umekwisha. Nashangaa tu jinsi swali la bakteria limebishaniwa kwa karne tano kwa hamasa ya kesi ya ugoni.

Zebaki, arseniki na malaria

Tiba nazo zilikuwa na sura ya adhabu. Kwa karibu miaka 400 wagonjwa walipakwa zebaki, wakafukizwa zebaki, wakanyweshwa zebaki. Meno yaling'oka, fizi zikaoza, mate yakawatoka bila kukoma, na madaktari waliamini kwamba mate mengi ni dalili njema. Zebaki ilidumu kwa sababu ileile ya mzizi niliyoitaja juu: kidonda kingepona tu.

Mwanga ulianza Berlin mwaka 1905, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walipomwona bakteria kwa hadubini. Mwaka uliofuata kikapatikana kipimo cha damu. Mwaka 1909, katika maabara ya Paul Ehrlich huko Frankfurt, Mjapani Sahachiro Hata aligundua kwamba kemikali namba 606, yenye sumu iitwayo arseniki, inamwua bakteria huyo katika sungura. Ilianza kuuzwa mwaka 1910 kwa jina la Salvarsan. Palikuwa na waliochukia, si kwa sababu ya arseniki, bali kwa sababu waliona dawa inafuta adhabu ambayo Mungu ameiweka.

Kisa ambacho wasomaji waliowahi kutetemeka kwa malaria huenda wasikiamini: mwaka 1917 daktari wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, alianza kuwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika ubongoni. Homa kali ilimdhoofisha bakteria, kisha malaria yenyewe ikatibiwa kwa kwinini. Wengine walipata nafuu, wengine walikufa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927.

Halafu mwaka 1943 John Mahoney na wenzake huko New York waliwapa penisilini wagonjwa wanne. Dalili ziliondoka. Tangu hapo kaswende imekuwa na dawa, na dawa hiyo bado inafanya kazi.

Taa inapomulika upande mmoja

Kabla ya penisilini, serikali zilitafuta njia nyingine, na njia hizo ndizo zilizojenga unyanyapaa tunaoishi nao.

Mwaka 1864 bunge la Uingereza, likihofia askari na mabaharia wake wanaougua, lilipitisha sheria iliyoruhusu polisi katika miji ya kambi na bandari kumkamata mwanamke yeyote waliyemshuku kuwa kahaba na kumlazimisha akaguliwe sehemu za siri. Akikutwa mgonjwa, alifungiwa hospitalini kwa miezi. Askari waliowaambukiza, au walioambukizwa nao, sheria haikuwagusa. Ukaguzi wa askari ulikuwa umeachwa kwa hoja kwamba unawavunjia heshima. Tume ya Kifalme ya mwaka 1871 ilisema wazi kwamba mwanamke anayeuza na mwanamume anayenunua hawawezi kulinganishwa. Josephine Butler na wenzake walipambana na sheria hizo kwa miaka mingi hadi zikafutwa mwaka 1886. Lakini wazo lilishaota mizizi: ukipima wanawake peke yao, wagonjwa wote watakuwa wanawake.

Kisa cha pili ni cha Uganda. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, aliripoti kwamba zaidi ya nusu ya Baganda wana kaswende. Sababu alizotaja si za kidaktari hata kidogo: Ukristo na kuvunjika kwa desturi za zamani kumewapa wanawake uhuru uliopita kiasi. Kulifuata kampeni kubwa ya matibabu, na Mulago, hospitali mashuhuri ya Kampala, ilianzia hapo mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa.

Madaktari na wanahistoria waliorejea ushahidi ule baadaye waliona kitu kingine. Wengi wa wagonjwa wale yaelekea walikuwa na buba, au aina ya kaswende isiyoenezwa kwa ngono. Buba tunaijua: vidonda vya ngozi vya watoto, vinavyoambukizana kwa kugusana wakicheza. Bakteria wake na wa kaswende ni ndugu wa karibu kiasi kwamba hata vipimo vya kawaida vya damu vya leo haviwatenganishi. Yaani taifa zima lilivishwa sifa ya uasherati, pengine kwa sababu ya vidonda vya magoti ya watoto. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni dhidi ya buba katika nchi 46, wakatibu watu wapatao milioni 50 kwa sindano ya penisilini. Hakuna aliyewauliza wamelala na nani.

Kisa cha tatu kinajulikana zaidi, na kinachanganywa zaidi. Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 karibu na Tuskegee, Alabama, wakulima maskini wengi wao. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa. Waliambiwa wana damu mbaya, wakapewa chakula, uchunguzi wa bure na ahadi ya gharama za mazishi. Lengo lilikuwa kuona ugonjwa usiotibiwa unavyomla mtu hadi mwisho. Penisilini ilipopatikana, walinyimwa. Iliendelea hadi mwaka 1972, Peter Buxtun, aliyekuwa mfanyakazi wa idara hiyo, alipopeleka habari kwa waandishi. Rais Bill Clinton aliomba radhi mwaka 1997.

Mara kwa mara utasikia watu wakisema Wamarekani waliwadunga kaswende watu wa Tuskegee. Hapana. Wale walikuwa nayo tayari. Dhambi ilikuwa kuwanyima dawa na kuwadanganya. Waliodungwa kweli ni watu wa Guatemala, kati ya mwaka 1946 na 1948: wafungwa, askari na wagonjwa wa akili waliambukizwa kwa makusudi na watafiti wa Kimarekani, tena mmoja wao, John Cutler, baadaye alifanya kazi Tuskegee. Siri hiyo ilifichuka mwaka 2010. Ninatenganisha visa hivi si kwa kupunguza uzito wa kimoja. Mtu akikosea kisa cha kweli, ni rahisi kumwambia kwamba vyote ni uzushi.

Na neno damu mbaya lisitushangaze. Sisi nasi tuna damu chafu, na tunalitamka kwa sauti ileile ya chini.

Kwa nini bado ipo

Dawa ina zaidi ya miaka 80. Kwa kaswende ya hatua za mwanzo, tiba ni dozi moja ya penisilini inayokaa mwilini muda mrefu, sindano ya msuli. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima milioni 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliambukizwa. Wajawazito milioni 1.1 walikuwa nayo, na matokeo mabaya ya uzazi, yaani mimba kuharibika, watoto kuzaliwa wafu, kufa wachanga au kuzaliwa na ugonjwa, yalipita 390,000.

Penisilini wakati mwingine huadimika, hilo ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye ile karatasi ya mwanzo. Mwanamke anayejua kwamba majibu yatamtoa ndoani ana sababu nzuri ya kuyaficha. Anatibiwa kimya kimya, mume hatibiwi, na miezi miwili baadaye ameambukizwa upya, kwa sababu kupona kaswende hakumpi mtu kinga. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na hapa methali ni halisi kupita walivyokusudia.

Kuna ugomvi mwingine ambao maelezo mafupi yangeuzuia. Kipimo cha haraka cha kidoleni hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, askari ambao mwili uliwaandaa dhidi yake. Kwa wengi askari hao hawaondoki maisha yote, hata ugonjwa ukiisha. Ni kama kovu: linaonyesha kwamba palikuwa na jeraha, si kwamba linavuja damu sasa. Mtu aliyetibiwa miaka kumi iliyopita anaweza kupimwa leo na kuonekana anayo, naye akatuhumiwa upya kwa kosa lilelile. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili, cha maabara, kinachotoa namba. Namba hiyo hushuka mtu akitibiwa na hupanda akiambukizwa tena. Ukiwa na historia ya kutibiwa, mwambie mhudumu na uulizie kipimo hicho.

Mengine ni ya kupita haraka. Kaswende haipatikani kwa choo cha kuchangia, kwa kuwa bakteria wake hufa upesi nje ya mwili. Haitambuliki kwa kumtazama mtu usoni. Kondomu inapunguza hatari sana, ila kidonda kilicho mahali isipofunika kinaweza kuambukiza. Kidonda hicho pia hurahisisha kuingia kwa virusi vya ukimwi, ndiyo maana vipimo viwili hivyo mara nyingi hufanywa pamoja.

Kuhusu mume wa kwenye kisa chetu, mhudumu naye atauliza swali linalofanana na lake: nani na nani, tangu lini. Anauliza ili kujua ni nani mwingine anahitaji sindano. Na ikiwa kaswende ya mke ni ya hatua za mwanzo na wamelala pamoja ndani ya siku 90 zilizopita, mume atatibiwa siku hiyohiyo, hata kama kipimo chake kitasema hana kitu.